Shajara ya mradi: manukuu ya Kiswahili ya The Sandwich Man (1983)

Mradi wenyewe ni kuiandikia manukuu ya Kiswahili (maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha) filamu ya Taiwan ya mwaka 1983 ambayo hata hapa Taipei vijana wengi wanaijua kwa jina tu. Nagawa faili la manukuu peke yake. Filamu ina wenyewe, kila mtu atajitafutia nakala yake kwa njia ya halali. Hatua za kawaida nazipitia mbio. Palipokwama ndipo nitakapokaa, maana ndipo mwingine anayetaka kufanya kazi kama hii na filamu nyingine atakapokwama pia.

8 Septemba 2024. Nakala

Filamu ni moja, hadithi ni tatu, zote za mwandishi Huang Chunming, na mswada wa filamu ni wa Wu Nien-jen. Ya kwanza, iliyoongozwa na Hou Hsiao-hsien, ni ya Kunshu, baba kijana anayejipaka rangi usoni na kuzunguka mji mdogo wa Zhuqi mwaka 1962 akitangaza sinema, ubao mmoja kifuani na mwingine mgongoni. Ya pili, ya Tseng Chuang-hsiang, ni ya vijana wawili wanaopeleka presha kuka za Kijapani kwenye mji wa pwani ambao hauna haja nazo. Ya tatu, ya Wan Jen, inaanza pale gari la kanali wa Kimarekani linapomgonga kibarua A-fa akiwa juu ya baiskeli yake jijini Taipei.

Jina la Kichina lina maana ya "mwanasesere mkubwa wa mwanangu". Mtoto mchanga wa Kunshu amemzoea baba mwenye uso wa rangi. Akiunawa, mtoto analia.

Sababu ya kuichagua ni lugha. Mwaka 1983 Taiwan ilikuwa bado chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu tangu 1949 hadi 1987. Kimandarini kilikuwa ndicho lugha ya shule na ofisi, na mtoto aliyeteleza akasema Kitaiwani darasani (yaani Kihokkien cha kisiwa hiki) aliadhibiwa. Kabla ya hapo kulikuwa na sinema nzima ya Kitaiwani, filamu zaidi ya 1,000 kati ya 1956 na 1981, ambazo zimesalia takriban 200 tu. Sinema hiyo ilishakufa wakati kampuni ya Central Motion Picture Corporation, mali ya Kuomintang, chama tawala cha wakati ule, ilipotoa filamu hii ambamo watu wanasema kama wanavyosema kwao. Mwaka mmoja nyuma kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa In Our Time, vipande vinne vya waongozaji wanne wapya akiwemo Edward Yang, na wengi wanalihesabu wimbi jipya la sinema ya Taiwan kuanzia hapo. Ila katika In Our Time sikusikia mgongano wa lugha kama ulivyo humu.

Nimepata DVD ya mtumba kwa dola 320 za Taiwan, kama dola 10 za Marekani. Kompyuta za siku hizi hazina mlango wa diski, kwa hiyo kisomeo cha USB kimekula 690 nyingine. Picha ni ya wastani, sauti ina mvumo kama wa feni. Manukuu ya Kichina yamegandishwa kwenye picha yenyewe, hayazimiki. Nimepata pia faili la manukuu ya Kiingereza lisilo na jina la mtafsiri. Mpango ulikuwa kutafsiri kutoka humo na kumaliza kabla ya mitihani.

22 Septemba 2024. Saa hazikubaliani

Faili la Kiingereza linaanza sawasawa na midomo ya watu. Kufika katikati ya hadithi ya kwanza, maandishi yameshawatangulia wasemaji. Kwenye hadithi ya tatu mtu anajibiwa kabla hajauliza.

Wengi wakiona hivi wanalisogeza faili lote mbele kwa sekunde kadhaa. Haisaidii, kwa sababu ukilinganisha mwisho, mwanzo unaharibika. Shida ni mwendo. Faili lile liliandikwa kwa nakala ya televisheni ya Ulaya, inayokwenda fremu (yaani picha mojamoja) 25 kwa sekunde. Filamu ilipigwa kwa fremu 24, na Ulaya walikuwa na kawaida ya kuiendesha kasi kidogo ili ikae kwenye mfumo wao. Kila saa moja ya filamu inapungua dakika 2 na sekunde 24.

Nikalinyoosha faili kwa uwiano wa 25 kwa 24, nikaona limetulia. Kwenye hadithi ya mwisho likaanza tena kutangulia, safari hii kidogokidogo, kiasi ambacho unahisi kuna kitu lakini hukioni. DVD ya huku haiendi fremu 24 kamili. Inakwenda 23.976. Tofauti hiyo ni sekunde 3.6 tu kwa saa, lakini kwa filamu ya dakika zipatazo 100 ni sekunde 6, na sekunde 6 katika mazungumzo ya haraka ni mistari miwili mitatu.

Uwiano sahihi basi ni 25 kugawa kwa 23.976, yaani 1.0427. Katika programu ya Subtitle Edit kuna sehemu ya kubadili fremu kwa sekunde. Unaandika namba mbili na kubonyeza. Baada ya hapo kukabaki kuruka kidogo kila hadithi mpya inapoanza, kwa kuwa nakala ya Ulaya ilipunguza vibao vya majina. Hiyo nimeiondoa kwa kusogeza kila hadithi peke yake.

13 Oktoba 2024. Tafsiri ya tafsiri ya tafsiri

Nilikuwa nimeshatafsiri karibu hadithi yote ya kwanza kutoka Kiingereza pale baba mkubwa wa Kunshu alipoanza kumfokea kwa kazi yake ya kujidhalilisha barabarani. Kiingereza kiliandika neno moja linalobeba ami, mjomba, baba mdogo na hata mzee jirani, nami nikaandika "mjomba". Kichina kilichogandishwa chini ya picha kinasema wazi kuwa ni kaka wa baba. Kwa Mswahili hiyo ni habari kubwa. Mjomba anaweza kukutania, akakupa hela kwa siri. Baba mkubwa akikufokea, ni ukoo mzima unakufokea. Lugha yetu ina neno lilelile hasa, nami nilikuwa nimelipoteza kwa kupitia njia ya mzunguko.

Nikafuta. Naanza upya kutoka Kichina.

Kuyatoa maandishi yaliyogandishwa: programu ya VideoSubFinder inakata kila picha yenye maandishi, kisha programu ya kusoma herufi inayageuza kuwa matini. Kwa filamu hii matokeo ni ya kubahatisha. Herufi ni nyeupe, hazina ukingo, na kila shati jeupe likipita nyuma yake sentensi inameguka. Programu pia haioni tofauti kati ya 已, "tayari", na 己, "mwenyewe". Sentensi nyingi zilitoka na watu "wenyewe" wamekula badala ya "tayari" wamekula. Mistari yote imebidi ipitiwe kwa jicho. Hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu kukaibuka tatizo kubwa zaidi. Maandishi hayo ya Kichina ni Kimandarini. Wasemaji wanasema Kitaiwani. Kwa maneno mengine, manukuu ya asili nayo ni tafsiri, tena iliyopigwa pasi, imenyooshwa makunyanzi yote. Faili la Kiingereza lilitoka kwenye tafsiri hiyo, na Kiswahili changu kingetoka kwenye Kiingereza.

Nikajaribu programu ya Whisper isikilize sauti moja kwa moja. Kwa Kimandarini inafanya vizuri. Kwa Kitaiwani inaandika Kimandarini fasaha kabisa, chenye maana, ambacho hakuna mtu aliyekisema. Afadhali ingeandika upuuzi, ningejua.

31 Oktoba 2024. Kimbunga na A-ma

Kimbunga Kong-rey kimeshuka leo upande wa Taitung, na serikali imefunga kazi na shule kisiwa kizima. Nikashuka na kompyuta hadi kwa bibi wa ghorofa ya chini. Kichochoro kizima kinamwita A-ma, yaani bibi, nami ni hivyohivyo. Alishasikia kwamba natafuta mtu wa kunisikilizia.

Utaratibu tulioupata: yeye anasimamisha filamu kwa fundo la kidole cha kati kwenye kitufe kirefu, miwani ikiwa juu ya paji la uso kwa kuwa haitazami, anasikiliza tu. Anaurudia mstari kwa Kitaiwani polepole, halafu anaueleza kwa Kimandarini kwa lafudhi ambayo walimu wangu wangeikata maksi. Nami naandika kwa Kiswahili papo hapo, bila kutazama yaliyogandishwa chini. Yakipishana sana ndipo tunabishana.

Jambo la kwanza alilolikamata ni majina. Nimekuwa nikiandika "A-long" kwa mtoto wa Kunshu, kama Kimandarini kinavyosomeka. Lakini wazazi wanamwita A-liong. Mtazamaji wa Kiswahili hatajua Kichina, ila masikio anayo. Akisikia jina hivi na kulisoma vile, anaanza kudhani ni watoto wawili. Nimebadili majina yote yafuate sauti inayosikika. Katika shajara hii naacha Kunshu na A-fa kwa wepesi wa kutafuta.

La pili ni tufaha. Katika hadithi ya tatu familia ya A-fa, iliyofuatana naye hospitali ya Wamarekani, inapewa matufaha, na baba aliyevunjika miguu yote miwili anawaambia kuwa bei ya tunda moja ni sawa na *jin* nne za mchele. Jin ya Taiwan ni gramu 600, kwa hiyo ni kilo 2.4. Nilikuwa nimeandika "kilo mbili na nusu", A-ma akataka kujua huko kwetu kilo mbili na nusu zinalisha watu wangapi. Nikamwambia familia kama ya A-fa, siku moja na ushee. Akasema basi iandike hivyohivyo, inatosha. Yeye alikuwa msichana wakati ule, na tufaha kwao lilikuwa tunda la mgonjwa: mtu akiletewa tufaha kitandani, watoto walijua hali si nzuri.

Ndiyo maana filamu inachekesha na kuuma hapohapo. Watoto wanang'ata, tunda ni la uchachu, halina utamu waliokuwa wakiuota, na hakuna anayethubutu kusema.

Gharama: hakupokea hela. Nimepeleka mapapai.

17 Novemba 2024. Lahaja zimekataa

Sasa swali lenyewe. Katika hadithi ya tatu kuna lugha tatu chumbani kwa wakati mmoja. Kanali anasema Kiingereza. Afande wa masuala ya wageni anasimama katikati na Kimandarini cha serikali. Familia ni ya Kitaiwani. Kisha anaingia sista wa Kizungu, wanajiandaa kutomwelewa, naye anafungua kinywa na kuwasemesha Kitaiwani safi. Mshangao wao ndio kiini cha tukio. Ukiweka yote kwa Kiswahili cha aina moja, mtazamaji haoni kilichotokea; anaona muuguzi amesalimia wagonjwa.

Nilijaribu kwanza kugawa Kiswahili chenyewe: Kimandarini kiwe Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari, Kitaiwani kiwe lahaja. Nikaandika mwanzo wa hadithi ya Kunshu kwa Kimvita, nikawatumia wenzangu watatu wa bweni. Wa Mombasa akajibu kwa swali moja: kwani Kimvita ndiyo lugha ya wanaofukuzwa na watoto barabarani? Ana haki. Kimvita kina tenzi na mashairi ya karne nyingi, na mimi nilikuwa nakitumia kama vazi la umaskini. Wa Bukavu alisema baadhi ya mistari hakuielewa kabisa. Wa Morogoro alicheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha.

Nikageukia Kiswahili cha vijiweni. Kibaya zaidi, kwa sababu lugha ya vijiweni ina tarehe. Kibarua wa mwaka 1969 anayesema kama kijana wa bodaboda wa leo anakuwa kichekesho. Tena Kitaiwani si lugha ya mtaani. Ni lugha ya nyumbani, ya bibi na ya madhabahu ya mababu.

Kuna aliyependekeza niachane na maandishi, nisimulie kwa sauti kama Lufufu alivyokuwa akifanya Dar es Salaam na DJ Afro anavyofanya Kenya. Nimekulia kwenye mabanda ya video, kwa hiyo sihitaji kushawishiwa kuhusu ufundi ule. Filamu za Hong Kong nilizipenda kwa sauti za wasimuliaji kuliko za waigizaji. Nikajirekodi kipande. Ila msimulizi ni sauti moja inayofunika zote, na hapa kinachotakiwa ni kusikia nani amebadili lugha na lini. Kwa filamu ya ngumi ningefanya hivyo kesho.

Kilichofanya kazi ni rangi. Kiswahili kimoja, cha kawaida, kilichoandikwa vizuri. Kitaiwani ni nyeupe, Kimandarini ni njano, Kiingereza ni mlazo, yaani herufi zilizoinama. Maelezo yanatokea mara moja tu mwanzoni. Inahitaji faili la manukuu la aina ya ASS, linalobeba rangi na mapambo, si SRT ya kawaida. Nimelitengeneza kwa programu ya Aegisub.

Nilichokibakiza kutoka kwenye jaribio la lahaja ni namna ya kuitana. A-fa na mkewe wanamwita polisi "afande", kanali ni "bwana mkubwa" mpaka cheo chake kitajwe, mtawa ni "sista". Hayo hayakuhitaji kubuniwa. Watu wetu wangesema hivyohivyo wakiwa kwenye chumba kile, wakiwa na woga uleule.

8 Desemba 2024. Zhuqi

Nimekwenda hadi Zhuqi, wilaya ya Chiayi, nikitumaini kupata mzee wa kunisikilizia lafudhi ya huko kwenye hadithi ya kwanza. Treni ya haraka ya Tze-Chiang kwenda na kurudi ilikuwa kama dola 1,200 za Taiwan, basi juu yake. Stesheni ya mbao ya reli ya Alishan bado ipo, reli nyembamba ya milimita 762, na baada ya hapo treni inaanza kupanda mlima. Wazee niliowasalimia walikuwa wakarimu lakini hawakutaka kutazama filamu kwenye simu chini ya jua, na sikuwalaumu. Kwa manukuu, safari haikuzaa kitu. Nimerudi na picha za stesheni na mafua.

19 Januari 2025. Nyeupe juu ya nyeupe

Hadithi ya pili imekwenda haraka. Porojo za kuuza presha kuka zinaingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa. Yeyote aliyewahi kusimamishwa na mchuuzi wa vyombo anazijua. Msichana mwenye kofia nimemwacha kwa jina lake, Xiaoqi, ingawa Kiingereza kilimbatiza Vicki.

Ya tatu ndiyo iliyonirudisha nyuma. Hospitali ni nyeupe: kuta, mashuka, nguo za sista. Kitaiwani nimekipa rangi nyeupe. Kwa hiyo sista anapofungua kinywa na kusema Kitaiwani, mstari ule ambao rangi zote hizi zilibuniwa kwa ajili yake hausomeki kabisa.

Dawa yake: ukingo mweusi wa pikseli 2.5 kuzunguka kila herufi na kivuli chembamba. Ukingo wa 1 haukutosha. Wa 4 uliziba matundu ya herufi *a* na *e*. Tatizo la pili ni kwamba Kichina kilichogandishwa kinakaa palepale chini, na Kiswahili juu yake kinakuwa matope. Nilijaribu kukifunika kwa kisanduku cheusi kisichopitisha mwanga, ikaonekana kama filamu imezibwa na serikali, jambo ambalo kwa filamu hii si mzaha mzuri. Nimepandisha Kiswahili juu ya mstari wa Kichina, na pale uso wa mtu unapokaa hapo, nimekihamishia juu kabisa ya picha. Hiyo ilifanywa kwa mkono, mstari kwa mstari.

Kuhusu kuzibwa. Kabla filamu haijatoka, barua ilikwenda kwa chama ikilalamika kwamba hadithi ya tatu, na mabanda yake ya mabati na mbao za kuokota, inaitia nchi aibu mbele ya wageni. Kampuni ikajiandaa kukata. Mwandishi wa habari Yang Shih-chi wa United Daily News akaliweka jambo hilo gazetini, kelele zikawa nyingi, na filamu ikaokoka. Watu wa sinema hapa wanaliita tukio la kumenya tufaha. Nimelitafuta kwenye magazeti ya mwaka ule maktabani, na kinachonishangaza ni kwamba mabishano yalihusu zaidi mabanda, yaani kinachoonekana. Mimi baada ya miezi hii naona kinachosikika kina makali zaidi. Banda ni umaskini, na umaskini kila serikali inao. Lakini chumba ambamo afande wa nchi yako anakusemesha kwa lugha ya ofisi, na mgeni ndiye anakusemesha kwa lugha ya mama yako, hicho hakifutiki kwa kuwapa watu nyumba za matofali.

Afande huyohuyo anamwambia A-fa kwamba ana bahati kugongwa na Mmarekani. Lingekuwa gari jingine, saa hizi angekuwa amelala barabarani kafunikwa mkeka. Mstari huo ni wa njano. A-fa anashukuru na kuomba radhi kwa pamoja, kwa nyeupe.

16 Februari 2025. Onyesho la bweni, rangi zimetoweka

Tulikaa sebuleni, Watanzania, Wakenya na Wakongo, nikachomeka flashi kwenye televisheni. Televisheni ikasoma manukuu, ikatupa rangi zote. Kila kitu cheupe, hakuna mlazo, na maandishi yameshuka tena juu ya Kichina. Televisheni nyingi zinasoma maneno ya faili la ASS na kupuuza mapambo yake. Ikabidi tuunganishe kompyuta kwa waya, nusu ya watu wakiwa wameshaenda kupika.

Kwa wale wasio na waya nimetengeneza toleo la pili, SRT tupu, ambamo lugha inatajwa kwa mabano pale tu inapobadilika: [Kimandarini], [Kitaiwani]. Nilianza kwa kuitaja kwenye kila mstari, ikawa kama daftari la karani. Inapobadilika tu inatosha. Katika tukio la sista mabano yanakuja na mstari wake wa kwanza, hayatangulii, yasije yakaharibu mshangao.

Jambo jingine lililojitokeza sebuleni ni kasi. Maneno yetu ni marefu, "hawakutuambia" ni herufi kumi na tatu kwa mkupuo mmoja, na jicho linahitaji muda. Kipimo cha kawaida ni herufi 17 kwa sekunde. Nilikuwa nimevuka 20 kwenye fokafoka za baba mkubwa. Nimepunguza viunganishi, nimeondoa majina yanayorudiwa, na pale Kunshu anaponyamaza nimeuacha mstari wa mwisho ubaki kwenye kioo nusu sekunde zaidi.

Mkenya mmoja alitaka kujua kwa nini Kunshu hakatai tu kazi ile. Wa Bukavu akamjibu kabla yangu: mke alikuwa na mimba, kazi ndiyo iliyomfanya mtoto azaliwe. Hiyo imo kwenye mazungumzo, mapema sana, kwa sentensi ya haraka. Nimerudi kuipa muda mrefu zaidi.

9 Machi 2025. Toleo 1.1

A-ma amesikiliza hadithi ya kwanza na ya tatu hadi mwisho na kukubali mistari yote isipokuwa michache ya watoto wa barabarani, ambayo anasema imekuwa na adabu kuliko walivyokuwa wao. Nimeikoroga kidogo.

Kuna mafaili matatu. Lenye "rangi" ni la kompyuta, tumia programu ya kuchezea video ya VLC au mpv. Lenye "mabano" ni la televisheni na simu. Lenye "25" ni la nakala iliyotokana na televisheni ya Ulaya. Ukiona maandishi yanachelewa au kutangulia kadiri filamu inavyosonga, umechukua lisilo lako. Nakala isiyo na Kichina kilichogandishwa ikikufikia, fungua faili la rangi kwenye Aegisub na punguza pambizo ya chini kutoka 70 hadi 30, yatashuka yenyewe, isipokuwa yale niliyoyapeleka juu kwa mkono.

Gharama yote, ukiacha muda: DVD, kisomeo, safari ya Zhuqi na mapapai, haijafika dola 3,000 za Taiwan. Safari ndiyo ingeweza kuachwa.

Kilichobaki ni hadithi ya pili. A-ma hakupata nafasi ya kuisikiliza, anakwenda kwa binti yake Kaohsiung mpaka Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi. Mistari ya wauza presha kuka kwa hiyo bado inatoka kwenye Kimandarini kilichogandishwa, na nimeiwekea alama ya nyota ndani ya faili ili ijulikane. Akirudi tutaendelea pale Xiaoqi anapotokea mara ya kwanza.